Korona ya Mara ya Pili: Usiipime kwa Ile ya Kwanza

Swali hili haliishi. Kila msimu wa mafua ukianza linarudi kwa sura tofauti. "Niliugua korona mwaka 2021, nikiipata tena itakuwa nyepesi?" Mwingine anauliza kinyume chake: "Nasikia kila ukiipata inazidi kuula mwili, ni kweli?" Na wapo wasiouliza kabisa, kwa sababu wameshajijibu: mara ya kwanza walipona kwa tangawizi na limau, basi na safari hii ni hivyo hivyo. Hawa wa mwisho ndio wanaonitia wasiwasi, na ninawaandikia wao kuliko wote.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

Kwa watu wengi, korona ya mara ya pili au ya tatu huwa nyepesi kuliko ya kwanza. Kinga ya puani na kooni hupungua miezi michache baada ya kupona, ndiyo maana kirusi huweza kuingia tena ukaumwa kichwa, koo na homa. Lakini ile kinga ya ndani, inayokizuia kisiharibu mapafu, hudumu zaidi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet, uliokusanya tafiti 65 kutoka nchi 19, ulionyesha kwamba miezi 10 baada ya mtu kuugua, kinga dhidi ya ugonjwa mkali bado ilikuwa karibu asilimia 88, hata kwa Omikroni. Kinga ya kutoambukizwa kabisa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 36. Kwa hiyo kuipata tena ni rahisi, kulazwa nayo ni nadra zaidi.

Nadra, lakini hutokea. Mwaka 2020, watu wa kwanza kuthibitishwa kuambukizwa mara mbili walionyesha ncha zote mbili. Mwanamume wa miaka 33 wa Hong Kong alikutwa na kirusi kwa mara ya pili alipopimwa akirudi kutoka Ulaya. Hakuwa na dalili hata moja. Kijana wa miaka 25 wa Nevada, Marekani, mara ya pili aliugua vibaya kuliko ya kwanza mpaka akahitaji oksijeni. Kirusi ni kile kile, umri haupishani sana, matokeo mbingu na ardhi.

"Mbona wataalamu wanapingana?"

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, nami nitakaa kidogo.

Kuna utafiti wa Qatar uliotoka mwaka 2021 katika New England Journal of Medicine. Walifuatilia watu walioambukizwa mara ya pili, 1,304 kwa idadi. Wanne tu ndio walioumwa vikali, hakuna aliyepelekwa chumba cha uangalizi maalumu, hakuna aliyefariki. Ukilinganisha na maambukizi ya kwanza, hatari ya kuumwa vibaya ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 90.

Kisha mwaka 2022 ukaja utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani katika Nature Medicine. Huu ukasema walioambukizwa tena walikuwa na hatari ya kufariki karibu mara mbili, na ya kulazwa karibu mara tatu. Vichwa vya habari vikalipuka: korona ya pili inaua zaidi!

Zote mbili ni za kweli, ila hazikuuliza swali moja:

- Wa Qatar walilinganisha ugonjwa wa kwanza na ugonjwa wa pili.
- Wa Marekani waliwalinganisha walioambukizwa tena na wale walioambukizwa mara moja tu, kisha wakabaki salama.

Utafiti wa Marekani haukusema mara ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Ulisema kuipata tena ni kubaya kuliko kutoipata tena. Na hilo ukilitafakari, ni la kweli kwa ugonjwa wowote.

Angalia pia ni nani waliopimwa. Qatar ni nchi ya vijana waliokwenda kutafuta kazi, wakiwemo ndugu zetu wengi wa Kenya na Uganda. Wenye miaka 50 na zaidi ni takriban asilimia 9 tu ya wakazi. Wale wastaafu wa Marekani wengi wao ni wanaume wa makamo na wazee, wenye presha, kisukari na maradhi ya moyo. Kama wewe ni kijana mlinzi wa getini Doha, soma takwimu za Qatar. Kama unamlea baba mwenye kisukari Tanga, takwimu za wazee wa Marekani zinakuhusu zaidi.

Na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau: waliofariki mara ya kwanza hawawezi kuugua mara ya pili. Wanaohesabiwa katika maambukizi ya pili tayari ni wale waliovuka. Kwa hiyo sehemu ya huo "wepesi" inatokana na nani aliyebaki kuhesabiwa.

"Mimi hii ndiyo mara yangu ya kwanza"

Huenda siyo. Wachangia damu waliopimwa nchini Kenya kati ya Januari na Machi 2021 walikutwa na alama za maambukizi ya zamani kwa karibu nusu yao, na wengi hawakuwahi kujua. Hiyo ilikuwa kabla ya wimbi la Delta na kabla ya Omikroni kutangazwa na Afrika Kusini mwezi Novemba 2021. Kwa hiyo usitumie muda mwingi kuhesabu kama hii ni ya pili au ya nne. Haikusaidii kuamua la kufanya leo usiku.

Maswali yanayosaidia ni haya:

1. Tangu ugonjwa au chanjo ya mwisho umepita muda gani? Miezi sita na miaka mitatu si sawa.
2. Mwili wako umebadilika vipi tangu wakati ule? Umegundulika na presha? Umeongezeka kilo nyingi? Una mimba?
3. Dalili zinaelekea wapi, zinapungua au zinaongezeka?

Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Mtu anasema "mimi korona nilishaipiga", kumbe aliyeipiga alikuwa na miaka 57 bila kisukari, na huyu wa leo ana miaka 62 na sukari haishuki.

Nani asijipe moyo

Hawa wasijitulize kwa kusema "ya pili ni nyepesi":

- Mwenye miaka 60 na zaidi, hata kama anatembea hadi msikitini au kanisani bila fimbo.
- Mwenye kisukari, presha, moyo, figo, au mapafu yaliyoumizwa na TB ya zamani.
- Mwenye sikoseli, mtoto au mtu mzima.
- Anayeishi na VVU bila dawa, au aliyeacha dawa kwa muda.
- Anayetibiwa saratani au anayemeza dawa zinazoshusha kinga.
- Mjamzito.
- Mwenye unene mkubwa.
- Aliyelazwa kwa oksijeni mara ya kwanza. Huyu mapafu yake yanaweza kuwa hayajarudi kama zamani.

Anayeishi na VVU akanywa dawa zake bila kukosa na kinga yake ikawa juu, hali yake ni tofauti sana na ya aliyeziacha. Nalisema wazi kwa sababu wengi huogopa mpaka wanakosa usingizi.

Siku ya kwanza hadi ya kumi: fanya hivi

*Siku ya kwanza na ya pili.* Ukipata homa, pima malaria pia. Kwetu homa ina milango mingi, na kipimo cha malaria kikionyesha wadudu hakifuti korona. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimo cha haraka cha korona kikisema huna, na dalili zipo, rudia baada ya saa 48. Mara ya pili kirusi kinaweza kuchelewa kuonekana, na watu wengi hupima mara moja, wakaridhika, wakaenda harusini.

Kama uliugua ndani ya siku 90 zilizopita, kipimo cha PCR kinaweza kuonyesha mabaki ya ugonjwa ule wa awali. Mweleze mtoa huduma tarehe ya ule wa kwanza.

*Mpaka siku ya nne.* Pumzika, kunywa maji na uji, meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Endelea na dawa zako zote za kila siku. Lala chumba chenye dirisha wazi, vaa barakoa ukiwa na wengine. Ikiwa uko katika orodha ya hapo juu, mwone daktari sasa, usingoje kuzidiwa: vidonge vya kupambana na kirusi kama Paxlovid, mahali vinapopatikana, hufaa vikianzwa ndani ya siku 5. Mtajie kila dawa unayotumia, kwa sababu vidonge hivyo hugombana na nyingi, ikiwemo rifampisini ya TB.

*Siku ya tano hadi ya kumi.* Hizi ndizo siku za kuwa macho. Anayezidiwa na korona mara nyingi hazidiwi siku ya pili. Huanza kubanwa kifua wiki moja hivi baada ya dalili za kwanza, wakati jamaa wameshapumua na kurudi kazini. Mwachie mgonjwa mtu wa kumwangalia asubuhi na jioni, hata kwa simu. Mpigie umsikie akizungumza: akikata sentensi katikati ili avute pumzi, hiyo ni taarifa tosha.

Kuhusu kujitenga, Shirika la Afya Duniani tangu Januari 2023 linashauri siku 10 kwa mwenye dalili ambaye hajapimwa tena, na siku 5 kwa asiye na dalili. Najua siku 10 ni nyingi kwa anayeishi kwa kibarua. Ukishindwa kukaa ndani, basi angalau barakoa, mbali na wazee, na usipande daladala iliyojaa kama kuna njia nyingine.

Kupima oksijeni nyumbani bila kujidanganya

Kile kifaa kidogo cha kubana kidole ni msaada mkubwa, lakini watu wengi hukitumia vibaya. Fuata hatua hizi:

1. Ondoa rangi ya kucha. Hina nzito au piko kwenye kucha huweza kuzuia mwanga. Tafuta kidole kisichopakwa.
2. Kaa kitako umepumzika dakika tano. Pasha mikono joto kama ni ya baridi.
3. Tumia kidole cha shahada au cha kati, mkono utulie juu ya meza au kifua.
4. Usisome namba ya kwanza inayotokea. Subiri itulie kwa nusu dakika hadi dakika moja.
5. Usichanganye namba mbili. Moja ni oksijeni, nyingine ni mapigo ya moyo. Nimeshaona familia ikishangilia "98" ambayo ilikuwa mapigo.
6. Andika namba, saa na tarehe.

Kwa mtu mzima aliye mahali pa kawaida, 95 na kuendelea ni sawa. Chini ya 94, wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni dharura, usiku au mchana. Wanaoishi nyanda za juu namba zao za kawaida huwa chini kidogo, kwa hiyo jipime ukiwa mzima ujue yako.

Sasa onyo linalotuhusu moja kwa moja. Vifaa hivi kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2020 ulilithibitisha hilo hospitalini. Kwa hiyo 93 ya kwenye kioo inaweza kuwa chini zaidi kwenye damu. Zingatia zaidi mwelekeo kuliko namba moja: aliyekuwa 98 jana, 96 asubuhi, 94 jioni, huyo anashuka, usibishane na kifaa.

Huna kifaa? Hesabu pumzi. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, kwa saa, bila kumwambia mgonjwa unahesabu, maana akijua hubadilisha pumzi. Zaidi ya 30 kwa mtu mzima ni hatari. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na zaidi ni nyingi. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 na zaidi.

Usingoje kukuche

Mpeleke hospitali mara moja ukiona:

- Anahema akiwa amekaa, au mbavu zinaingia ndani.
- Kifua kinabana au kuuma.
- Anachanganyikiwa, anazungumza yasiyoeleweka, au ana usingizi mzito usio wa kawaida.
- Midomo au ulimi umebadilika rangi kuwa wa bluu au kijivu. Kwa mtu mweusi angalia ndani ya mdomo na chini ya kucha.
- Hawezi kunywa, au hakojoi kwa saa nyingi.
- Mguu mmoja umevimba na unauma, maana korona huweza kugandisha damu.
- Homa ilikata, kisha ikarudi kwa nguvu na kikohozi cha makohozi.

Wengine oksijeni hushuka huku wakisema "niko sawa tu". Wazee wetu hasa hawapendi kusumbua watu. Ukimuuliza mama "unaendeleaje" atajibu "naendelea vizuri, mwanangu" hata akiwa taabani. Muulize jambo la kufanya: "Mama, leo umefika bafuni mwenyewe bila kupumzika njiani?"

Makosa yanayorudiwa

*Kumeza mabaki ya dawa za mara ya kwanza.* Hili ndilo baya kuliko yote. Mtu alipewa deksamethasoni hospitalini, vidonge vikabaki kabatini, safari hii anaanza navyo siku ya kwanza. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha mwaka 2020 kwamba dawa hii hupunguza vifo kwa walio kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Hupandisha sukari, na kuimeza mapema kunapunguza kinga wakati mwili unaihitaji.

*Antibaiotiki kwa kila kikohozi.* Azithromaisini haiui kirusi. Kadhalika ivermektini na hidroksiklorokwini zilijaribiwa kwa maelfu ya watu bila kuokoa wagonjwa wa korona.

*Nyungu badala ya hospitali.* Mvuke ukikupa nafuu ya pua, sina ugomvi nawe. Lakini haupandishi oksijeni, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limewaunguza watoto na wazee. Anayehema asifunikwe.

*Kuacha dawa za presha, sukari au ARV "ili mwili upumzike".* Mwili haupumziki, unazidiwa. Mwenye sukari aipime mara nyingi zaidi siku za homa.

*Kumtembelea bibi kwa sababu wewe unaumwa kidogo.* Wepesi wako hauambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi, na kwake kinaweza kuwa kizito.

Nawasikia mnaobisha

*"Kama ya pili ni nyepesi, si bora nijiambukize nipate kinga?"* Hapana. Utakuwa umelipa gharama ya ugonjwa ili upunguziwe gharama ya ugonjwa huo huo. Chanjo inakupa sehemu kubwa ya kinga bila kupitia kitandani.

*"Nimechanjwa na bado nimeugua, basi chanjo haina kazi."* Rudi kwenye zile namba za mwanzo: kuzuia maambukizi hupungua haraka, kuzuia ugonjwa mkali hudumu. Aliyechanjwa na akawahi kuugua ana kinga imara kuliko mwenye kimojawapo. Tanzania ilianza kuchanja Julai 2021, Kenya Machi mwaka huo. Kama dozi yako ya mwisho ni ya wakati ule na uko katika kundi la hatari, uliza kituo cha afya kama ipo ya kuongeza nguvu.

*"Korona si imeisha?"* Mei 2023 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya kimataifa. Kirusi hakikuondolewa.

*"Na watoto?"* Wengi huugua kidogo, mara ya kwanza na ya pili. Wenye sikoseli, moyo au utapiamlo wapelekwe mapema.

Ukishapona, usikimbilie jembe

Hata ugonjwa mwepesi wa pili unaweza kuacha uchovu wa muda mrefu, kukosa pumzi, kusahau sahau. Uchunguzi wa ofisi ya takwimu ya Uingereza ulikuta kwamba uwezekano wa kupata hali hii baada ya ugonjwa wa pili ni mdogo kuliko baada ya wa kwanza, ila haujatoweka.

Rudi kazini taratibu. Siku ya kwanza nusu ya kazi yako ya kawaida, uone kesho yake unaamkaje. Ukiamka umechoka kuliko jana, punguza, usijilazimishe ili "utoe uvivu". Dalili zikivuka miezi mitatu, rudi hospitali na useme wazi kwamba zilianza baada ya korona, kwa sababu uchovu huo hufanana na upungufu wa damu, TB na maradhi ya tezi, na vyote hivyo vina vipimo vyake.

Ukifika kituoni, sema haya kwanza

Andika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, maana ukifika unahema utasahau:

- Siku dalili zilipoanza, kwa tarehe.
- Lini uliugua korona mara ya mwisho, na kama ulipewa oksijeni.
- Chanjo ya mwisho, jina na mwaka.
- Maradhi yako na dawa zote, pamoja na za mitishamba.
- Namba za oksijeni ulizoandika, na saa zake.
- Dawa ulizomeza tangu uanze kuumwa, hata ile uliyoona aibu kuitaja. Kama ulikunywa deksamethasoni ya jirani, mwambie daktari: ataipima sukari yako kabla ya kukuongezea nyingine.